Kumkimbia na Kumkimbilia: Usahibu, Usaliti na Fidia katika Riwaya ya The Kite Runner



Riwaya ninayokusudia kuizungumzia jioni hii haikuandikwa kwa Kiswahili, wala mwandishi wake si mtu wa pwani yetu. Ni The Kite Runner ya Khaled Hosseini, iliyochapishwa kwa Kiingereza mwaka 2003. Mwandishi alizaliwa Kabul mwaka 1965, mwana wa mwanadiplomasia. Familia yake ilihamia Paris mwaka 1976, na baada ya majeshi ya Kisovieti kuingia Afghanistan ikapata hifadhi Marekani mwaka 1980. Alisomea udaktari wa tiba, na alipokuwa akiiandika riwaya hii, ambayo ni ya kwanza kwake, alikuwa bado anatibu wagonjwa.

Huenda baadhi yenu mnajiuliza riwaya ya Mwafghani inatafuta nini katika mhadhara wa taaluma za Kiswahili. Nina majawabu mawili. La kwanza ni kwamba kitabu hiki kimejaa maneno ambayo Mswahili anayatambua mara moja, yakiwa yamevaa maana ambazo si zetu. La pili ni kwamba jambo lililo kiini cha kisa, yaani kumwacha mwenzio katika saa ya dhiki na kisha kutafuta namna ya kumrudia, linaelezwa na sarufi ya Kiswahili kwa uwazi ambao Kiingereza cha mwandishi hakiwezi kuufikia. Mimi ni mwanaisimu, na kwa hiyo nitaiendea riwaya kwa mlango ninaoufahamu. Masuala mengine ya fani nitayagusa kwa kupita tu.

Kwa wale ambao hawajaisoma, kisa ni hiki. Amir ni mtoto wa tajiri wa Kipashtuni katika mtaa wa Wazir Akbar Khan, mjini Kabul. Mama yake alifariki alipomzaa. Hassan, aliyezaliwa mwaka mmoja baadaye katika kibanda cha uani, ni mtoto wa Ali, mtumishi wa nyumba hiyo. Ali na Hassan ni Wahazara na ni Washia, katika jamii ambayo wenye nguvu ni Wapashtuni wa madhehebu ya Sunni. Mama yake Hassan alimtupa mtoto kabla hajatimiza wiki, na tajiri akamtafutia mnyonyeshaji, mwanamke yule yule aliyekuwa amemnyonyesha Amir. Watoto hawa wanakua pamoja. Wanapanda miti, wanakaa chini ya mkomamanga kilimani karibu na makaburi, na Amir humsomea Hassan kisa cha Rostam na Sohrab kutoka katika Shahnameh ya Ferdowsi, kwa kuwa Hassan hakupelekwa shule.

Katika majira ya baridi ya mwaka 1975 Amir, mwenye umri wa miaka kumi na miwili, anashinda mashindano ya tiara. (Wengine hapa mtasema kishada, na sitagombana na mtu.) Tiara za Kabul hurushwa kwa uzi uliopakwa vioo vilivyosagwa, kila mrushaji hujaribu kuukata uzi wa mwenziwe, na tiara iliyokatwa hukimbiliwa na watoto mitaani hadi mmoja aidake. Ile ya mwisho kukatwa ndiyo tuzo kubwa kuliko zote. Hassan, ambaye hakuna anayemshinda katika kazi hiyo, anatimua mbio kwenda kuichukua ile ya mwisho, tiara ya buluu, kwa ajili ya Amir. Anaipata. Lakini kijana mmoja jeuri aitwaye Assef na wenzake wawili wanamzingira katika kichochoro na kumtaka aitoe. Hassan anakataa, kwa kuwa tiara si yake, ni ya Amir. Assef anamnajisi. Amir amefika kwenye mdomo wa kichochoro, anaona, ananyamaza, kisha anakimbia.

Naomba tusimame hapo, kwenye kitenzi hicho.

Wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa isimu wanafahamu kwamba kitenzi kimbia kikipata kiambishi cha utendea kinakuwa kimbilia. Ile sauti l ambayo hatuisikii katika kimbia ni masalia ya shina la zamani. Imeanguka katika umbo la kawaida na inarejea katika umbo la kutendea, kama inavyorejea katika kaa na kalia, au zaa na zalia. Hayo ni mambo ya fonolojia na hayamsisimui mtu sana. Linalosisimua ni maana. Vitenzi vyote viwili vinaweza kubeba mtendwa aliye mtu. Tukisema mke amemkimbia mumewe, kila mtu anaelewa kwamba ndoa imevunjika. Tukisema mtoto amemkimbilia mama yake, kila mtu anaelewa kwamba mtoto amepata hofu na amekwenda mahali penye usalama, na kutokana na kitenzi hiki ndipo tulipopata nomino kimbilio. Miguu ni ile ile, mbio ni zile zile. Silabi moja ndiyo inayotuambia kama mtu anaachwa au anaendewa.

Basi tazameni tukio la kichochoroni kwa jicho la Kiswahili. Hassan alimkimbilia Amir tiara. Amir alimkimbia Hassan. Riwaya nzima, kurasa zake zaidi ya mia tatu, imo katika tofauti ya sentensi hizo mbili. Kiingereza kinalazimika kutumia vihusishi na maelezo ili kupata kile ambacho sisi tunakipata kwa kiambishi, na ndiyo maana mwandishi anategemea zaidi taswira, hasa ile ya macho ya kondoo anayesubiri kisu siku ya Idi, ambayo msimulizi anaiona katika uso wa Hassan.

Na kitenzi hicho hakijamaliza kazi yake. Jina la riwaya tukilifasiri neno kwa neno tunapata Mkimbiza Tiara au Mkimbilia Tiara. Kutokana na shina hilo hilo tunapata mkimbizi, kwa kanuni iliyotupa mlezi kutoka katika lea na mjuzi kutoka katika jua. Hassan ni mkimbilia tiara. Amir na baba yake, wanapotoroka Kabul mwaka 1981 wakipitia Peshawar na hatimaye kufika Fremont, California, ni wakimbizi. Katika lugha ya mwandishi maneno hayo mawili hayana udugu wowote. Katika lugha yetu ni watoto wa tumbo moja. Sisemi kwamba mwandishi alilikusudia hilo. Nasema kwamba msomaji wa Kiswahili analipewa bure, na anaruhusiwa kulitumia.

Sasa niyageukie maneno ya kuitana, ambayo kwa maoni yangu ndiyo sehemu tajiri kuliko zote.

Wahusika wa riwaya wanazungumza Dari, yaani Kiajemi cha Afghanistan, ingawa tunawasikia kwa Kiingereza. Mwandishi ameacha maneno machache ya Dari bila kuyafasiri, na mengi ya hayo ni maneno ya kuitana. Hassan hamwiti mwenziwe Amir peke yake. Humwita Amir agha, yaani Bwana Amir. Jina agha si geni kwetu; tumelisikia katika jina la Aga Khan tangu utotoni. Watu wazima wanaompenda Amir humwita Amir jan, Amir mpenzi. Kila mara Hassan anapofungua kinywa kumwita mtoto aliyenyonya naye ziwa moja, anaitaja kwanza nafasi yake mwenyewe katika nyumba ile. Hakuna anayemlazimisha, na kwa umri ule hajui namna nyingine ya kusema.

Naye baba wa Amir huitwa na watumishi Agha sahib. Neno hilo la pili linastahili dakika zetu chache. Asili yake ni Kiarabu, na katika Kiarabu lina maana mbili zinazokaa pamoja: mwenzi wa mtu, na mwenye kumiliki kitu. Lilipovuka kuja pwani ya Afrika Mashariki, Waswahili walichukua ile maana ya kwanza. Sahibu kwetu ni rafiki, na swahiba ni rafiki wa ndani zaidi. Lilipokwenda upande wa Uajemi na Bara Hindi, likapewa heshima ya mwenye mali na mwenye amri. Neno moja, safari mbili. Msomaji wa Kiswahili anapoona Ali, mzee mwenye mguu mbovu, akimwambia tajiri wake Agha sahib kwamba yeye na mwanawe wanaondoka, jicho lake linaona bwana na sikio lake linasikia rafiki. Msimulizi anatueleza kwamba baba yake alikua pamoja na Ali tangu utotoni, na kwamba katika hadithi zote alizozisimulia kuhusu utoto huo hakuwahi hata mara moja kumtaja Ali kuwa rafiki yake. Amir anakiri kwamba yeye pia hakuwahi kumfikiria Hassan hivyo kwa maana ya kawaida ya neno. Na siku Assef anapomuuliza anawezaje kumwita Mhazara rafiki, jawabu linalomjia Amir moyoni, ambalo nusura limtoke, ni kwamba Hassan si rafiki yake, ni mtumishi wake.

Kwa hiyo usaliti haukuanzia kichochoroni. Wahakiki wengi husoma tukio lile kama anguko, kana kwamba kabla yake palikuwa na urafiki uliokamilika kisha ukavunjwa. Sikubaliani nao. Lugha ya watoto hawa inatuonyesha kwamba kitu kilichovunjwa kilikuwa hakijapewa jina bado. Kabla ya kichochoro Amir alikwisha kumfanyia Hassan ukatili mdogo mdogo wa maneno. Hassan alipomuuliza maana ya neno gumu la kitabuni lenye maana ya mpumbavu, Amir alimwambia kwamba maana yake ni mwerevu, kisha akalitunga katika sentensi inayomhusu Hassan mwenyewe, na Hassan akafurahi. Mimi naiona hiyo kuwa sehemu ya kutisha kuliko wanavyodhani wengi. Mtu aliyesoma anapompotoshea maana ya neno mtu asiyesoma, anatumia elimu kuiba.

Nasema kuiba kwa sababu baba wa Amir ana falsafa yake kuhusu dhambi. Anamfundisha mwanawe kwamba dhambi ni moja tu, nayo ni wizi. Anayeua ameiba uhai wa mtu, na anayesema uongo ameiba haki ya mwenziwe ya kuijua kweli. Ni mafundisho yanayovutia, na wanafunzi huyapenda sana. Baada ya ushindi wa tiara Amir hawezi kuvumilia kumwona Hassan kila siku, kwa hiyo anaificha saa yake mpya pamoja na fedha chini ya godoro la Hassan na kumsingizia wizi, ile dhambi pekee. Hassan anapoulizwa na Agha sahib kama ameiba, anajibu kwa neno moja la kukubali. Amemkinga tena Amir, kwa kuwa anajua kila kitu. Tajiri anasamehe papo hapo, jambo lisilotarajiwa kwa mtu mwenye falsafa ile, lakini Ali anachukua mwanawe na kuondoka kwenda Hazarajat.

Sababu ya msamaha ule inafichuka robo karne baadaye. Mwaka 2001 Rahim Khan, rafiki mkubwa wa familia, anamwita Amir Peshawar na kumweleza kwamba Hassan hakuwa mtoto wa Ali. Alikuwa mtoto wa yule tajiri. Hapa neno jingine linatujia bila kuhitaji mfasiri. Katika riwaya yote msimulizi hamtaji baba yake kwa jina lolote isipokuwa Baba. Kufanana kwa neno hilo katika Dari na Kiswahili ni sadfa, kwani baba yetu ni wa Kibantu, na lugha nyingi duniani zimeunda neno la mzazi kutokana na sauti za mtoto mchanga. Lakini kwa msomaji wetu sadfa hiyo ina uzito. Tunaambiwa kwamba neno la kwanza alilotamka Amir lilikuwa Baba, na la kwanza alilotamka Hassan lilikuwa Amir. Mtoto mmoja alipewa neno, na mwingine, aliyekuwa na haki sawa nalo, akafa hajalitamka kwa aliyestahiki kuitwa hivyo. Alimwita Agha sahib.

Ali alikuwa akiwakumbusha watoto kwamba kati ya watu walionyonya ziwa moja kuna udugu ambao wakati hauwezi kuuvunja. Katika sheria ya Kiislamu, inayofuatwa Kabul kama inavyofuatwa Lamu na Unguja, ndugu wa kunyonya ni ndugu kwa sheria. Hata kuoana hawawezi. Maana yake ni kwamba siri ya Rahim Khan, inayosimuliwa kama pigo kubwa la kisa, kwa kweli haimpi Amir udugu mpya. Alikuwa nao tangu siku ya kwanza na alikuwa akikumbushwa. Hapa mwandishi, kwa maoni yangu, amejipunguzia nguvu. Kwa kufanya damu ndiyo sababu ya Amir kurudi Kabul, ameacha swali zito zaidi bila kulijibu: je, angerudi kwa ajili ya mtoto wa mtumishi?

Kabla sijafika huko, neno moja zaidi. Katika sura inayosimulia kutoroka, mwandishi anaeleza jinsi Kabul ilivyojaa watu wanaowachongea jirani zao kwa serikali iliyoungwa mkono na Wasovieti. Watu hao anawaita kwa jina walilojiita wenyewe katika itikadi yao: rafiq. Ndilo rafiki letu. Neno ambalo sisi tunaliandika katika barua za mapenzi na katika vitabu vya darasa la kwanza, katika Kabul ya mwaka 1981 lilikuwa likisemwa kwa kunong'ona. Wale wa rika langu wanakumbuka neno ndugu lilivyotumika katika mikutano na barua za ofisi za Tanzania enzi za Ujamaa, na jinsi ambavyo ndugu fulani angeweza kuwa mtu wa kuogopwa. Sizilinganishi tawala hizo mbili. Nataka tu kuonyesha kwamba neno la undugu likishikwa na dola linaweza kubaki ganda.

Mabibi na mabwana, ingekuwa rahisi kuisoma riwaya hii kama habari za watu wa mbali wenye ukabila wao. Naomba tusifanye hivyo. Vita vya Amir Abdur Rahman Khan dhidi ya Wahazara katika miaka ya 1890 viliwatia wengi wao utumwani, na utumwa ulikatazwa Afghanistan kwa katiba ya mwaka 1923, chini ya Amanullah. Katika Tanganyika hadhi ya kisheria ya utumwa iliondolewa mwaka 1922. Katika pwani ya Kenya ilikuwa mwaka 1907, na Unguja mwaka 1897. Miaka hiyo imepishana kidogo tu. Nyumba ambamo mtoto wa mwenye nyumba na mtoto wa mzalia walilala chini ya dari moja, wakala sahani moja Ramadhani na wakatenganishwa siku ya posa, zilikuwako Kabul na zilikuwako hapa. Lugha yetu ina kabati zima la maneno ya nyumba hizo: mtwana, mjakazi, mzalia, suria, mwinyi. Adam Shafi alipoandika Kasri ya Mwinyi Fuad, iliyotoka mwaka 1978, alimpa mtumishi wa kasri jina la Kijakazi. Jina lake ni kazi yake na ni hadhi yake. Hakuachiwa kitu kingine cha kuitwa.

Abdulrazak Gurnah amelishughulikia jambo hili kwa umakini zaidi katika Paradise ya mwaka 1994, ambayo tangu mwaka 2022 tunaisoma kwa Kiswahili kama Peponi katika tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Yusuf, aliyewekwa rehani kwa deni la baba yake, amezoea kumwita mfanyabiashara Aziz ami yake. Khalil, aliyemtangulia katika utumwa huo wa deni, anamkatisha kwa ukali: yule si ami yako, muite Seyyid. Gurnah na Hosseini hawakuandikiana, lakini wameona kitu kimoja, kwamba mtoto hujifunza nafasi yake duniani kupitia neno la kuitia. Mwaka huu huu tukitembea katika miji yetu tutasikia mfanyakazi wa ndani akiitwa dada na watoto wa nyumba. Ni neno zuri. Ningependa watafiti wetu vijana wachunguze dada huyo anakula wapi, na watoto hao wakiwa watu wazima wanamwita nani.

Nirudi kwenye riwaya na suala la ukombozi, ambalo ndilo hupewa sifa nyingi na wahakiki. Kiswahili kina maneno kadhaa hapa na hayalingani. Toba ni baina ya mtu na Mola wake. Fidia hulipwa kwa aliyedhulumiwa au kwa warithi wake. Kafara humwagwa ili balaa iondoke. Kukomboa, kabla halijawa neno la siasa, lilikuwa neno la rehani na mateka: unatoa thamani, unarejeshewa mtu au kitu. Amir anayapitia yote. Hassan na mkewe Farzana wameuawa na Taliban wakiilinda ile nyumba ya zamani. Mtoto wao Sohrab, aliyepewa jina kutoka katika kisa walichokuwa wakikisoma chini ya mkomamanga, amechukuliwa kutoka kituo cha yatima na mkuu mmoja wa Taliban, ambaye ni Assef yule yule. Amir anapigwa hadi mbavu zinavunjika na mdomo wa juu unapasuka, mahali pale pale Hassan alipozaliwa na mpasuko. Sohrab anamwokoa kwa teo, akimpiga Assef jichoni kama Hassan alivyowahi kumtishia.

Kama fundi wa hadithi, nakiri kwamba hapa sadfa zimezidi. Adui wa utotoni, kovu mahali pale pale, teo ile ile: mambo yanafungana kama vifungo vya kanzu. Aidha, maumivu ya mwili hayawezi kuwa fidia, kwani hayamrudishii Hassan kitu, na Amir anacheka wakati anapigwa kwa sababu anajisikia nafuu yeye mwenyewe. Hiyo ni kafara aliyojitolea, yenye faida kwake. Mwandishi, kwa sifa yake, halifichi hilo. Baada ya tukio hilo Amir anavunja ahadi aliyompa Sohrab ya kutomrudisha katika kituo cha yatima, anapomwambia kwamba huenda itabidi akae huko kwa muda, na mtoto anajaribu kujiua. Anayeteseka kwa ajili ya fidia ya Amir ni Mhazara tena.

Ninachokiona mimi kuwa fidia halisi kimo katika maneno. Kipo katika barua, na kipo mezani.

Barua ni ya Hassan. Akiwa mtu mzima alijifunza kusoma na kuandika, na Rahim Khan anamkabidhi Amir barua yake wakati mwandishi wake amekwisha kufa. Mtu aliyewahi kupotoshewa maana ya neno anaandika sasa kwa mkono wake, kwa Kiajemi, kuhusu mji wao, mkewe na mwanawe. Anaanza kwa kumwita mwenziwe Amir agha, kama zamani. Lakini mwisho wa barua, akimkaribisha arudi, anajitaja yeye mwenyewe kuwa rafiki wa siku nyingi anayemsubiri. Neno ambalo baba hakulisema kwa Ali, na ambalo Amir hakuweza kulisema mbele ya Assef, limesemwa na mtoto wa kibandani. Laiti ningepewa kazi ya kuifasiri barua hiyo, pale mwishoni ningeandika sahibu. Agha juu, sahibu chini. Msomaji wa Kiswahili angeona neno la mabwana likirejeshwa katika maana yake ya pwani.

Mezani ni California. Baba mkwe wa Amir, jenerali wa zamani, anataka kujua atawaambia nini watu kuhusu mtoto wa Kihazara anayeishi na binti yake. Amir anamjibu waziwazi: baba yake alizaa na mke wa mtumishi wake, huyu ni mtoto wa mtoto huyo. Kisha anamtaka jenerali asimwite tena kwa kabila lake mbele yake, kwani ana jina. Kiingereza cha Amir kinamfanya Sohrab kuwa mpwa tu. Sisi tungekwenda mbali zaidi. Kwa kuwa Amir ni mkubwa kwa Hassan, yeye ni baba mkubwa wa Sohrab, na mtoto wa nduguye ni mwanawe. Neno Baba ambalo Hassan alinyimwa lingemfikia mwanawe kwa njia ya kanuni za ukoo wetu, bila hati ya mahakama.

Filamu iliyoongozwa na Marc Forster mwaka 2007 iliyarudisha mazungumzo mengi katika Dari, na hilo lilikuwa jambo jema. Lakini uzinduzi wake ilibidi uahirishwe hadi Desemba ili watoto walioigiza wahamishiwe Falme za Kiarabu kwa usalama wao, kwa hofu kwamba tukio la kichochoroni lingewaletea visasi nyumbani. Kabila lililoandikwa katika riwaya lilikuwa bado linauma mitaani.

Sura ya mwisho ni ya Machi 2002, katika bustani moja ya Fremont. Hosseini aliiandika wakati Taliban wameondolewa Kabul na watu wengi walikuwa na matumaini. Sisi tunaoisoma baada ya Agosti 2021, waliporejea madarakani, tunaisoma kwa moyo mwingine. Sohrab hajasema neno kwa miezi mingi. Amir ananunua tiara, wanairusha pamoja, wanaukata uzi wa tiara nyingine, na upande mmoja wa mdomo wa mtoto unainuka kidogo. Amir anamuuliza kama anataka akamchukulie tiara iliyokatwa. Hana hakika kama mtoto ametikisa kichwa kukubali au la. Anamwambia maneno ambayo Hassan alikuwa akimwambia yeye, ahadi ya mtumishi kwa bwana wake, ambayo sasa mwenye nyumba anaitamka kwa mtoto wa mtumishi. Halafu anaondoka mbio, mtu mzima katikati ya kundi la watoto wanaopiga kelele.

Mfasiri akifika hapo, asiandike anakimbia. Aandike anamkimbilia Sohrab tiara, na kama mhariri wake atauliza kwa nini kitenzi kimekuwa kirefu kiasi hicho, amrudishe kichochoroni.